Futi 17 au futi 21? Hesabu mikono kwanza, viti baadaye

Msomaji ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Nataka boti yangu ya kwanza ya kuvulia, ya kujifurahisha tu wikendi, biashara hapana. Nimezunguka weee mpaka nimebaki na mbili, zote za faiba, zote za mtumba, moja futi 17 na injini ya HP 70, nyingine futi 21 na HP 150. Mara nyingi nitakuwa peke yangu au na mwanangu wa miaka 12, mara moja moja washkaji wawili wataongezeka. Navua ndani ya ghuba ila siku bahari ikilala natamani kutoka nje kwenye kina kirefu. Boti itakaa nyumbani kwenye trela na gari langu ni la kawaida. Kila ninayemuuliza ananiambia chukua ya 21, ukinunua ndogo utajuta. Wewe unasemaje?"

Marahaba kijana wangu. Chukua ya 17.

Najua hilo sio jibu ulilokuwa unalisubiri, maana mtu akishaipenda boti kubwa anachotafuta ni wa kumsukuma, na hao wenzako wameshakusukuma vya kutosha. Ngoja nikueleze kwa nini mimi nakuvuta upande wa pili, na huko mbele nitakwambia pia ni wakati gani ningebadilisha msimamo, kwa sababu hiyo ya 21 ni boti nzuri tu na kuna mahali inaimeza hii ya 17 bila hata kutafuna, sitaki baadaye uje useme mzee ulinificha.

Tuanze na hizo futi 4. Kwenye karatasi unaona kitu kidogo, kama robo hivi imeongezeka, basi. Lakini boti haikui kwa urefu peke yake, ikirefuka inapanuka na inaongezeka kimo pia, kwa hiyo ukitaka kulinganisha kwa haki zidisha urefu kwa wenyewe mara tatu: 17 mara 17 mara 17 unapata 4,913, halafu 21 mara 21 mara 21 unapata 9,261. Karibu mara mbili! Hesabu hii ni ya haraka haraka, boti hazifuatani kwa milimita, lakini ukienda kuzisimamia zote mbili uwanjani utaona macho yako yanakubaliana nayo. Na kila kitu kinachofuata kinaifuata hiyo mara mbili: uzito, nguvu ya injini (ona, 70 na 150), mafuta, trela, kamba, nanga, mpaka muda wa kuiosha jioni umechoka na jua limeshazama.

Boti ya faiba ya futi 17 ikiwa na injini, mafuta, vitu vyako na trela yake mara nyingi inacheza kwenye kilo 900 mpaka 1,100. Ya 21 iweke kwenye kilo 1,900, na sishangai ikipita 2,000. Sasa chukua kitabu cha gari lako utafute uzito linaoruhusiwa kuvuta. Utakuta namba mbili, moja ya trela yenye breki zake na nyingine ya trela isiyo na breki, na hii ya pili ni ndogo sana, kwa gari la kawaida mara nyingi haizidi kilo 750. Maana yake hata hiyo ya 17 itakutaka trela yenye breki, usidanganyike. Ila ya 21 inaweza kukutaka gari jingine kabisa, na hapo ndipo watu wanapojidanganya, mtu anasema aah litavuta, limeshawahi kuvuta mchanga. Kuvuta kwenye barabara tambarare sio shida. Shida ni kusimama, na shida kubwa zaidi ni kupandisha kwenye rampu, ule mteremko wa kushushia boti majini, yenye utelezi asubuhi na mapema, gari lako la kuvuta kwa magurudumu ya mbele, uzito wote umelalia nyuma, magurudumu ya mbele yanachezea juu ya majani ya bahari yanatoa moshi na watu wanakutazama.

Nikupe picha moja ujue ninaongelea nini. Mimi nilianza na ya futi 22, niliinunua kwa ushauri huohuo unaopewa wewe. Alfajiri moja niko peke yangu kwenye rampu, upepo unatoka ubavuni, wala sio mkali, ni wa kupeperusha kofia tu. Nikarudisha trela majini, nikatoa ndoano ya winchi, boti ikateleza ikaelea safi kabisa. Kamba ya omo, yaani ya mbele ya boti, nimeishika, gari bado tairi za nyuma ziko kwenye maji, na juu kuna jamaa wawili wanasubiri zamu yao taa zimewashwa zinanipiga machoni. Sasa niambie: gari lazima nilitoe, boti lazima niishike, na mikono ni hii miwili. Nikafunga kamba kwenye nguzo ya pembeni nikakimbilia gari. Nimefika nusu ya mteremko natupa jicho kwenye kioo, upepo umeshaisukuma tezi, yaani nyuma ya boti, na boti inazunguka kwenye ile kamba kama mlango kwenye bawaba, na ubavu mzima unaenda kulalia ukingo wa zege, taratibu, bila haraka yoyote, kama ng'ombe anayekwenda kujikuna kwenye mti. Nikashuka mbio nikaweka mikono. Kilo elfu moja na nusu zinazoelea huzisimamishi kwa mikono, kijana wangu, unachofanya ni kuzisindikiza tu. Ule mlio wa faiba ikisagika kwenye zege ninao mpaka leo, na mkwaruzo ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu.

Baada ya pale nikawa sitoki bila mtu. Na hapo ndipo boti ilipoanza kulala nyumbani, maana kila safari ilianza na simu, huyu ana harusi, yule mgongo, mwingine anakuja ila saa tatu jua limeshapanda na samaki wameshakula wamemaliza. Nina daftari naandika kila nikitoka, tarehe, upepo, maji yanajaa au yanapwa, nimepata nini. Miaka ya ile boti kubwa kurasa ni chache mpaka aibu. Nilipoiuza nikachukua ndogo, daftari likajaa nikanunua lingine. Samaki wangu wakubwa wengi wapo kwenye daftari la pili, na sio kwa sababu boti ndogo inavua zaidi, ni kwa sababu nilikuwepo baharini asubuhi ambazo wao walikuwepo.

Ndiyo maana nasema hesabu mikono. Ya 17 unaishika kwa goti na kamba moja, upepo ukiizungusha unaivuta inarudi, na mtoto wa miaka 12 aliyefundishwa vizuri anatosha kabisa kuwa msaidizi, anashika kamba wewe unatoa gari. Ya 21 inataka watu wazima wawili wanaojua wanachofanya. Wapo wanaoishusha peke yao, nawajua, wana miaka mingi na wana mpangilio wao wa kamba mbili na maboya ya kukinga ubavu, lakini hii ni boti yako ya kwanza.

Mafuta. Kuna hesabu ya kijiweni ambayo haipotezi sana: injini ya nje ya petroli ukiikanyaga mpaka mwisho inakula karibu lita 0.38 kwa kila HP kwa saa. Ya 70 ni lita 26 na kitu, ya 150 ni lita 57. Hakuna anayekanyaga mpaka mwisho siku nzima, kwenye mwendo wa kawaida wa safari unaweza ukala nusu ya hapo au zaidi kidogo, lakini ile tofauti ya mara mbili haiondoki, inakufuata kila unapowasha. Na kumbuka theluthi: theluthi moja ya tangi ya kwendea, moja ya kurudia, moja haiguswi mpaka siku mambo yameharibika. Ukipiga hesabu hivyo utaona siku ya kutoka na ile ya 21 unaanza kujiuliza kwanza kama inalipa kwenda, na ukishaanza kujiuliza hivyo asubuhi, mara nyingi unarudi kulala.

Haya, sasa tuje kwenye mawimbi, hapa ya 21 inachukua pointi zake na mimi simnyimi mtu haki yake.

Watu wakiulizia bahari wanaulizia kimo cha wimbi tu, nusu mita, mita moja, wakati kinachokuvunja mgongo ni umbali wa kutoka kilele kimoja mpaka kingine. Kwenye maji ya kina umbali huo unaupata hivi: hesabu sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi, zizidishe kwa zenyewe, halafu zidisha kwa 1.56, jibu ni mita. Sekunde 2 zinakupa mita 6 na kidogo. Sekunde 3, mita 14. Sekunde 4, mita 25. Sasa boti zako, ya futi 17 ni mita 5.2, ya 21 ni mita 6.4. Unaona kilichotokea hapo? Yale mawimbi mafupi ya sekunde 2, yale ya mchana upepo ukianza kuchokoza ghuba, ukiwa unatembea polepole ya 17 inatumbukia kwenye kila bonde na inapiga kichwa kama mtu anayesinzia kwenye basi, wakati ya 21 inakuwa imeshalalia kilele cha mbele na cha nyuma kwa pamoja, inapita. Kwa hiyo kwenye ile bahari fupi inayokera futi 4 ni kitu kikubwa, wenzako hawakukudanganya kwa hilo.

Lakini mawimbi yakifika sekunde 3, 4, 5, zote mbili zinapanda mlima uleule na kushuka bonde lilelile, urefu hauna cha kukusaidia tena, kinachosaidia pale ni uzito na umbo la tumbo. Nenda nyuma ya kila boti ukiwa umechuchumaa, tazama ile V inavyokata pale tezini. V ya nyuzi 20 mpaka 24 ni kali, inachana wimbi badala ya kulipiga. Jina linalokuja hapo ni la mbunifu wa Kimarekani C. Raymond Hunt, ndiye aliyeichora Moppie, ile boti ya mwendesha boti za mbio Richard Bertram, iliyoshinda mbio za Miami hadi Nassau mwaka 1960 kwenye bahari iliyochafuka vibaya, na kuanzia hapo kila mtu akataka V kali. Sawa, lakini wale walikuwa wanakimbia. Wewe unavua kwa mshipi, masaa sita ukiwa baharini kama matano boti imesimama, na V kali ikisimama inayumba ubavu kwa ubavu kama mlevi, inataka nguvu zaidi kuinuka juu ya maji na inazama zaidi kwenye maji mafupi. V ya nyuzi 12 mpaka 15 inakugonga kidogo ukikimbia ila ikisimama imetulia, unaweza kusimama ukafunga ndoana bila kushika kitu. Usikubali mtu akuambie moja ni bora, uliza tu utakuwa unafanya nini muda mwingi. Kama hiyo ya 17 ina V ya wastani na upana wa kutosha, tuseme mita 2 au zaidi, hiyo ndiyo yako. Kama ni nyembamba kama ganda la ndizi, basi maneno yangu yote haya yapunguze nusu.

Sasa hamu yako ya kutoka nje. Na ya 17 utatoka, ila nje ndiyo itakuchagulia siku. Mimi sheria yangu kwa boti ya size hiyo ni upepo usizidi noti 10, yaani km 18 kwa saa hivi, utabiri uwe hivyo kwa siku nzima na sio asubuhi peke yake, na niwe nimegeuza omo kuelekea nyumbani kabla upepo wa mchana wa kutoka baharini haujaamka, maana pwani nyingi nchi kavu ikishapata moto upepo huo unakuja na mara nyingi unakuja haraka. Angalia na mkondo, maji yanapotoka mdomo wa ghuba wakati upepo unaingia, yanasimamisha mawimbi mafupi yaliyo wima pale mlangoni hata kama nje na ndani kote ni shwari. Pale mlangoni pameshamaliza watu wenye boti kubwa kuliko zote mbili hizo. Ukikuta hivyo, subiri maji yalale au geuka.

Ya 21 ingekuongezea siku, kweli, siku za noti 12, 13, 14. Haikuongezei zile za 20. Noti 20 zote mbili zinakaa nyumbani na wewe unakaa nyumbani. Kwa hiyo unachonunua kwa zile kilo elfu moja za ziada ni kile kipande cha katikati, siku ambazo ni chafu kwa ya 17 na bado zinavumilika kwa ya 21. Jiulize kwa mwaka ni siku ngapi za namna hiyo ambazo pia huna kazi, una mtu wa kukusaidia, na mwanao hasumbuliwi na kichefuchefu cha bahari.

Usalama naomba nisimame kidogo, maana hapa watu wanachanganya ukubwa na usalama. Sheria za Marekani kwa boti mpya za injini ya nje zilizo chini ya futi 20 zinataka ziwe na povu au vyumba vya hewa vya kutosha, ili boti ikijaa maji iendelee kuelea ikiwa bapa, watu wameishikilia, na iwe na kile kibati kinachoandika watu wangapi, uzito gani, HP ngapi. Kuanzia futi 20 kwenda juu, sheria hiyo hailazimishi tena. Umeona maajabu hayo? Inawezekana kabisa hiyo yako ya 17 ikijaa maji ikabaki inaelea na hiyo ya 21 ikaenda chini tezi kwanza. Inategemea aliyeitengeneza, wapo wanaojaza povu hata kubwa, Boston Whaler walijijengea jina kwa hilo, waliwahi kukata boti yao kwa msumeno katikati na mwenye kiwanda amekaa ndani yake na bado ikaelea. Wewe muulize muuzaji povu liko wapi, akianza kutazama angani hujapata jibu.

Kama boti zimetoka Ulaya tafuta kibati chenye herufi. C inamaanisha imepimwa kwa upepo mpaka nguvu ya 6 (kwa kipimo cha Beaufort, 0 ni shwari, 12 ni kimbunga) na mawimbi mpaka mita 2, D ni upepo wa nguvu ya 4 na mawimbi ya sentimita 30, mara moja moja nusu mita. Ukikuta D, mambo ya kutoka nje yafute kichwani, hata kama boti inang'aa.

Na idadi ya watu. Kuna kanuni ya zamani, urefu kwa futi mara upana kwa futi gawa kwa 15. Boti ya futi 17 yenye upana wa futi 7 inakupa watu 7. Saba! Watu saba kwenye boti ile wanakaa kama dagaa, hakuna anayevua, anayeinua fimbo anamtoboa mwenzake jicho. Kwa kuvua kata nusu halafu toa kidogo, kwa hiyo ya 17 ni watu watatu kwa raha, wanne kwa kuvumiliana, ya 21 ni wanne kwa raha na wa tano apewe kazi ya kufungua deli. Zile siku washkaji wawili wanakuja, baki ndani ya ghuba. Wanne kwenye ya 17 samaki mkubwa akishika, wote wanakimbilia upande mmoja kumwona, na hapo ndipo ukingo unakaribia maji. Wafundishe kabla ya kuondoka: anayevuta samaki anasimama, wengine wanakaa upande wa pili, picha baadaye. Mwanao anavaa laifu jaketi ya uzito wake tangu kwenye rampu mpaka kwenye rampu, ya mtu mzima itamvuka kichwani. Na kamba ya kuzimia injini iwe kwenye mguu wako muda wote injini ikiwaka, hasa ukiwa peke yako, maana ukidondoka boti haitakusubiri.

Injini sina mengi. HP 70 kwa 17 na HP 150 kwa 21 zote zinatosha ilimradi hazizidi namba ya kwenye kibati. Ungeniambia ya 21 ina HP 90 ningekwambia kimbia bila kugeuka, boti nzito yenye injini dhaifu inakokota tumbo majini, inakula mafuta na haifiki. Uliza tu imefanyiwa sevisi lini, kawaida ni kila saa 100 au mara moja kwa mwaka, chochote kinachotangulia, na ile impela, yaani feni ndogo ya ndani ya pampu ya maji, imebadilishwa lini. Ukiwasha tazama maji yanatoka kwa nguvu pale ubavuni mwa injini, yakitoka kama mtoto anayekojoa kwa aibu, kuna kitu.

Muhimu zaidi kwa mtumba ni mwili. Panda ndani uvue viatu, tembea sakafu nzima polepole kwa kisigino, popote inapobonyea kama godoro mbao ya ndani imeoza. Kisha nenda nyuma, inua injini nusu, shika mguu wake chini utikise juu na chini huku jicho likiwa kwenye ule ubao wa tezi uliobeba injini. Injini na ubao vitembee pamoja kama kitu kimoja. Ukiona ubao unapumua, unacheza, au kuna mipasuko inayotoka kwenye bolti, hapo unanunua kazi. Gonga na kishikio cha bisibisi kuanzia juu kushuka, sauti inatakiwa iwe kavu, tok tok tok, ikibadilika ikawa butu, dub, weka alama na chaki kisha uone alama zinakaa wapi. Halafu fungua kizibo cha kutolea maji kilicho chini ya tezi boti ikiwa juu ya trela imeinuliwa omo. Kama haijaingia majini wiki mbili na bado inatoa maji ya kahawia, lile povu nililolisifia hapo juu limekunywa maji, na povu lililokunywa maji ni mzigo, halikusaidii tena kuelea. Njia nzuri ya kuhakikisha ni kuipeleka boti na trela kwenye mizani ya magari, ukikuta kilo mia mbili tatu juu ya zile za kwenye makaratasi na ndani hakuna vitu, umeshajua.

Hizo za mwili zifanye kwenye zote mbili. Ya 17 ikifeli kwenye ubao wa tezi, haimaanishi uende ukachukue ya 21, maana yake tafuta 17 nyingine, au 18, futi moja hiyo haitakuumiza.

Ningebadilisha msimamo lini? Ungeniambia boti itakaa kwenye maji, imefungwa kwenye gati, habari ya rampu imeondoka, ningeanza kuyumba, ingawa hapo unaongeza kazi ya kukwangua viumbe vinavyoota chini na kupaka rangi ya kuvizuia. Ungeniambia una mwenzio mmoja wa kudumu, mnagawana mafuta na mnatoka pamoja kila mara, mkono wangu ungesogea. Na ungeniambia kwamba safari saba katika kumi ni za nje, kilomita 15 na kuendelea, ndani ya ghuba hapakuvutii, ningekwambia ya 21 bila kupepesa na gari ubadilishe. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia: peke yangu au na mwanangu, ndani ya ghuba, gari la kawaida. Nakujibu kwa yale uliyoandika, yale unayoota tutayajibu ukishavua misimu miwili.

Kabla hujatoa hela muombe muuzaji mtoke majini, na mtoke mchana upepo umeamka, asubuhi kila boti ni nzuri. Mwambie akae pembeni asiguse kitu, wewe na kijana wako muishushe na muipandishe wenyewe. Mkiwa nje zima injini, iache ielee ubavu kwa wimbi dakika kumi, simameni wote wawili upande mmoja kama mnamvuta samaki. Mtajua humohumo.

Ukiichukua, nunua vitu vinne kabla ya fimbo mpya: redio ya VHF (chaneli 16 ndiyo ya kuita msaada), kamba ya nanga ndefu ya kutosha kuachia mara 5 mpaka 7 ya kina, kasia la kweli sio la kuchezea, na pampu ya ngama (maji yanayojikusanya chini ndani ya boti) pamoja na ndoo, maana pampu inakufa na betri na ndoo haifi. Halafu kazi ya kizibo mpe mwanao. Akifungue kila jioni mkimaliza kuosha, akakitundike kwenye ufunguo wa gari, ili asubuhi usiweze kuwasha gari bila kukishika mkononi. Mimi nilikisahau mara moja, nikajua nimekisahau pale deli lilipoanza kuelea.

Ukienda kuiangalia ya 17 nitumie picha ya ubao wa tezi kwa karibu, pale bolti za injini zinapoingia, ndani na nje, na picha ya kile kibati kama kipo.